Bustani ya Kando ya Mfongo

Mama yangu alifunga mboga ya mnafu kinyume. Wanawake wengine wote niliowajua walizungusha ukamba wa mgomba kwenda kulia, wakamaliza kwa fundo juu. Mama alizungusha kwenda kushoto, mara mbili, halafu mkia wa ukamba akauchomeka chini kwa kidole gumba, bila fundo lolote. Sababu ilikuwa kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia. Kilikatwa na mundu akiwa msichana, kikapona kimenyooka kama msumari, kisikunjike tena. Akajitafutia njia yake ya kufunga, na njia hiyo ikawa imara kuliko ya wenye vidole vizima. Fungu lake ungeweza kulirusha kutoka juu ya lori lisifunguke. Mimi vidole vyangu havina kasoro, lakini nilifunga kama yeye, kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Kijiji kizima tulikuwa wawili tu tunaofunga hivyo.

Nilirudi kwake nikiwa na miaka thelathini na moja, sanduku moja na godoro. Mume wangu, kule Njoro, Moshi mjini, tulikokuwa tukiishi, alikuwa ameamua kwamba nyumba yetu inatosha wanawake wawili. Mimi sikuuona ukubwa huo. Watoto hatukujaliwa, hapakuwa na cha kugombania, nikapanda mlima kurudi kwetu. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani alikuwepo mama peke yake, ng'ombe mmoja bandani, migomba, na kahawa ya baba.

Wageni hudhani kihamba ni shamba tu. Kihamba ni pale nyumba ilipo, na migomba inayoizunguka, na mibuni chini ya migomba, na makaburi ya waliotangulia. Mpakani hupandwa isale, mmea wa majani marefu ambao haufi hovyo, hata ukiukata unachipua. Kihamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Binti huambiwa tangu anaota meno kwamba cha kwake kiko kwa mumewe. Kwetu mtoto wa kiume alikuwa mmoja, mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni nikiwa mwenyewe sijafika urefu wa jembe. Kihamba kilikuwa chake, na sikuwahi kubisha. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani nilitaka kumpora mtu urithi. Nilitaka kipande kimoja cha kulima mboga, kando ya mfongo, basi.

Mfongo ni mfereji wa maji ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni huko juu, ukashuka ukipita kihamba kwa kihamba. Kila nyumba ina siku yake ya maji. Kwetu ilikuwa Jumatano. Pale mfongo ulipoingia kwetu palikuwa na mibuni ishirini na mitatu, mizee, baba aliipanda kabla mimi sijazaliwa. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umekausha matunda yakiwa bado mabichi, yakabaki meusi matawini. Zamani dawa tuliipata kwa mkopo kwenye ushirika. Enzi za ruksa zilipofika na biashara ikaachiwa huru, dawa ilihamia dukani Moshi mjini, na ilikuwa haishikiki. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao. Msimu wa kwanza walitoa bei, msimu wa pili walitoa maneno, msimu wa tatu hawakuja.

Kahawa ilikuwa jambo la wanaume. Mwanamke aliichuma, akaimenya, akaiosha, akaianika na kuigeuza juani hadi mgongo ukakataa kunyooka, lakini mwenye kahawa alikuwa mwanaume. Ndizi na mboga viliachiwa wanawake kwa kuwa havikuwa na heshima yoyote. Enzi za baba, kung'oa mbuni ilikuwa kama kumpiga mzazi. Kwa hiyo mimi nisingethubutu kulisema hilo. Mama ndiye aliyesema. Tulikuwa tumesimama pale kando ya mfongo mwezi wa kwanza, jua kali, yeye ameshika mundu. Akakata tawi moja kavu, akalinusa, akalitupa.

"Ing'oe," akasema. "Kutoka kwenye mfongo hadi kwenye lile isale la pembeni, hapa ni pako. Lima, ule, usaidike."

Hapa ni pako. Nilikuwa sijaambiwa neno hilo na mtu yeyote, si kwa baba, si kwa mume. Nililiamini siku hiyo hiyo, kama mjinga.

Mbuni mzee una mizizi migumu kuliko mawazo ya mkwe. Nilikuwa naung'oa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Nachimba kuuzunguka kwa sururu, nakata mizizi kwa shoka, naulaza, mama anakuja kukatakata matawi ya kuni. Viganja vilichubuka vikapona vikachubuka tena. Mwisho wa mwezi wa pili palikuwa peupe, udongo mweusi, laini, wa kutamani kuula. Tukabeba samadi kutoka bandani kwa karai, kichwani, maji yake yakitutiririkia shingoni. Nikapiga matuta kukingama na mteremko ili mvua isibebe kitu.

Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba hutoa mwanaume mmoja. Sisi hatukuwa naye, mdogo wangu alikuwa Dar es Salaam akiuza vipuri vya magari. Nikabeba jembe nikaenda mwenyewe. Wanaume wakasimama wakanitazama kama ng'ombe aliyeingia kanisani. Mmoja akasema mwanamke akiingia kwenye mfongo maji yatakauka. Nikamuuliza hayo anayokunywa kwake huwa anachota nani. Walicheka, lakini walinirudisha. Mama akawapelekea ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mambo yakaisha, maji yakaja Jumatano kama kawaida. Wao walikunywa mbege, mimi nilipata maji, nadhani niliwapunja.

Mvua za masika zilianza katikati ya Machi. Mbegu za mnafu mama alizikausha mwenyewe, yale matunda meusi anayakamua kwenye majivu na kuzianika juu ya kipande cha gunia. Mbegu za maharage alizihifadhi kwenye kibuyu, nazo zimechanganywa na majivu. Kabichi niliiatika kwenye kitalu, nikakifunika kwa majani ya migomba, kila asubuhi nafunua kuona kama kuna kitu. Siku ya tano nikaona vijani viwili viwili vimetoka. Nilimwita mama aje aone. Alikuja, akatazama, akasema kabichi zote huota hivyo, akarudi kwenye kazi yake. Lakini alikuja, na miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini.

Nilipambana na sota, viwavi waliokata miche usiku, nikiwatafuta asubuhi kwa kijiti na kuwaponda bila huruma. Nikaweka majivu kwenye kila shina. Wiki ya tano au ya sita mnafu ukawa tayari kukatwa. Kwetu mboga ya kwanza ya msimu haiuzwi, huliwa nyumbani kwanza. Tukala limbuko, mimi na mama, mnafu umeungwa kwa maziwa, na ndizi. Kesho yake nikateremka na mzigo hadi soko la Pasua, mjini Moshi. Wanawake wa Kahe walikuwa pale na nyanya zao na vitunguu, mali ya maji ya tambarare, na midomo yao. Kwenye nyanya sikuwaweza. Kwenye mnafu hawakuniweza. Wateja waliinua fungu, wakaona lilivyofungwa, wakasema huu ni wa yule mama mwenye kidole. Nikasema mimi ndiye mwanawe.

Mwaka ule nilinunua mabuti ya mpira, na mama nikamnunulia kitenge. Nilikuwa na jambo la kuamkia. Mtu ambaye hajawahi kurudishwa kwao na godoro hawezi kujua hilo lina uzito gani.

Krismasi mdogo wangu akaja. Wachaga wote wa mijini hupanda mlima Krismasi, hilo linajulikana. Akaja na gari la kuazima, na mbuzi, na viatu ambavyo havikutengenezwa kwa matope yetu. Baada ya kula akazunguka kihamba akichokonoa meno. Wageni walikuwa uani, watu wa ukoo na majirani. Akarudi amebadilika sura.

"Kahawa ya baba iko wapi?"

Nikamwambia tuliing'oa, ilikuwa imekufa.

"Uling'oa wewe," akasema, na sauti akaipandisha ili kila mtu apate sehemu yake. "Umeachika huko, ukaona haitoshi, ukaja kumng'oa na baba?"

Mimi nikamtazama mama, aliyekuwa amesimama kando ya sufuria ya pili ya nyama.

"Mama," nikasema, "mwambie."

Mama akakoroga. "Nyama itaungua," akasema.

Nilijiambia hakutaka ugomvi siku ya sikukuu. Nilijiambia mengi kwa niaba yake, ni kazi niliyoifanya kwa miaka. Mdogo wangu akaondoka baada ya siku tatu, hatujaagana. Tangu siku hiyo sikumtumia salamu, na zake nilipoletewa nilizirudisha hewani.

Machi nikapanda tena. Safari hii nilipanda zaidi, matuta kumi na mawili, na maharage hadi chini kabisa ya isale la pembeni. Niliyapanda kwa hasira, na lazima nikiri hasira ni mbolea nzuri. Kila kitu kiliota. Mwishoni mwa Aprili kabichi zilikuwa zimeanza kufumba, maharage yana maua na vitoto vya maganda, na mnafu umenenepa, unasubiri kisu. Pasaka nayo iliangukia hapo hapo mwishoni mwa Aprili.

Jumamosi ile kabla ya Pasaka nilikuwa nakata mnafu wa kwanza wa msimu niliposikia hodi. Alikuwa baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, mzee wa kanisa, mtu anayeongea polepole hata nyumba ikiungua. Nyuma yake alikuwa mdogo wangu. Sikujua kama amefika kutoka Dar. Nilimsabahi mzee, "Shikamoo, baba mdogo," na yule wa nyuma nikamruka.

"Marahaba, mwanangu. Njoo uani, ukae."

Nikaosha mikono kwenye mfongo, nikaenda. Mama alikuwa ameshaketi, amejifunga kile kitenge nilichomnunulia. Ndipo nikaona mdogo wangu ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Kwetu isale halishikwi hivyo bure. Mtu aliyekukosea, hata akiwa amekuua nusu, akija na isale mikononi mbele ya mkubwa, na wewe ukalipokea, yamekwisha. Halirudishwi, na jambo lile halitajwi tena, si kwenye pombe, si kwenye msiba. Kulikataa ni kujitoa katika watu. Tangu nizaliwe sijaona aliyelikataa, ila nimesikia habari za mmoja, na habari zenyewe husimuliwa kwa kunong'ona. Sheria za serikali tunazijua na kuzizunguka. Isale halizungukwi.

Baba mdogo akasema machache kwa Kichaga, halafu kwa Kiswahili, kama afanyavyo kanisani akitaka Mungu na serikali wote waelewe. "Watoto wa tumbo moja. Mdogo wako amekuja mwenyewe, hakuburutwa. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Mdogo wangu akapiga goti. Yule yule wa Krismasi, na suruali yake nzuri, kwenye udongo uliolowa. "Dada," akasema, "nisamehe kwa yote."

Nilimwona akiwa na miaka mitatu, kamasi zimekauka, amelala mgongoni mwangu. Niliona kwamba maneno yale ya Krismasi yalimchoma na yeye, kwamba amepanda mlima wote huo kuyafuta. Nikalipokea isale kwa mikono miwili. Sikuuliza ni la nini. Nani huuliza? Mtu amekutukana mbele ya ukoo, amekuja na isale, utaanza kumsaili kama polisi? Nililia, na sikuona haya. Mama naye alifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Na ule mnafu niliokuwa nimeukata, limbuko la msimu, niliupika mwenyewe, kwa maziwa, na ndizi. Nikampakulia yeye kwanza. Akala akamaliza, akasema, "Dada, mnafu wa mjini hauna ladha hii." Nikamwongezea.

Lile isale nililichomeka ukutani juu ya kitanda changu.

Jumanne asubuhi nilikwenda Pasua na mzigo wa kwanza wa kuuza. Uliisha mapema, nikarudi saa tisa mchana, nimebeba sabuni na nusu kilo ya sukari, nikiwaza niteremshe mwingine Ijumaa. Nilipokata kona ya njia nilisikia sururu. Kisha nikaona lori limetia tairi moja ndani ya tuta langu la chini. Juu ya maharage, pale yalipokuwa na maua asubuhi, kulikuwa na lundo la mawe ya msingi. Wanaume sita walikuwa wanachimba mtaro, wamefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na kamba ilipita katikati ya kabichi. Kabichi zilizokuwa upande wa kamba zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa kando, vichwa vidogo kama ngumi. Mnafu waliukanyaga tu, hawakuona sababu ya kuung'oa. Isale la pembeni lilikuwa limechimbuliwa, mizizi juu.

Nani huchimba msingi katikati ya masika? Mwenye likizo ya wiki moja. Maji yalijaa mtaroni nyuma yao wakawa wanayachota kwa ndoo.

Mdogo wangu alikuwa amesimama na fundi, ameshika karatasi ya ramani. Sikumbuki nilichosema kwanza, nakumbuka mfuko wa sukari ulipasuka. Nilipopata maneno nilimwambia awatoe watu wake kwenye bustani yangu.

"Dada," akasema kwa upole, na upole ule ndio ambao sijausamehe, "si tulishasameheana? Nilikuambia kwa yote. Nami lazima nijenge, nitapanda Krismasi hadi lini kulala kwenye nyumba ya udongo? Pengine pote kuna migomba na makaburi."

Nikakimbia kwa baba mdogo, na mabuti yangu. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Alinisikiliza hadi mwisho, hakuacha kukamua.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua atajenga. Wewe ulipokea isale, mwanangu. Likishapokelewa limepokelewa. Ukianza kusema sasa, watu watasema wewe ndiye mwenye kosa."

Tugange yajayo, alikuwa amesema. Hakuna aliyeniambia kwamba yajayo ndiyo yaliyokuwa yanaombewa msamaha. Nimefikiri sana kama wangeweza kunifanyia hila ile kwa njia nyingine, naona hapana. Wangekuja kuniomba bustani, ningekataa, ningelia, ningeita wazee, labda ningeshindwa, lakini ningeshindwa nikiwa nimesema. Walichofanya ni kunifunga mdomo kwanza. Na mimi niliwapa mdomo wenyewe, nikawapikia na mboga juu.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kwamba liwalo na liwe, hata kama nitatengwa na ukoo mzima, isale lile nitamtupia usoni mbele ya vibarua wake. Nikaingia chumbani, nikalichomoa ukutani. Lilikuwa limeanza kunyauka, na kwa mara ya kwanza nikalitazama. Jumamosi machozi hayakuniruhusu. Jani lilikuwa limekunjwa mara moja na kufungwa katikati kwa ukamba wa mgomba. Ukamba ulizungushwa kwenda kushoto, mara mbili. Mkia wake ulichomekwa chini, bila fundo.

Nilikaa kitandani. Nje sururu zilikuwa zinaendelea. Jikoni mama alikuwa anamenya ndizi, nilizisikia zikidondoka moja moja kwenye maji. Hakuja kuniuliza nina nini. Hilo nalo lilikuwa jibu.

Sikumtupia mtu isale. Siku mbili baadaye nilichukua sanduku na godoro, nikateremka Pasua, nikapanga chumba. Mama alinisindikiza hadi njiani akanipa kibuyu cha mbegu. Nikakipokea pia.

Pasua ua una nafasi ya kuanika kanga mbili, si zaidi. Nilitoboa madebe ya mafuta, nikayajaza udongo, nikapanda mnafu na mchicha. Baadaye nikajifunza kupanda kwenye magunia, ubavuni kote. Majirani walinicheka, kisha wakaanza kununua. Sitasema niliteseka, nilikula na nilivaa. Lakini dumu la maji unalinunua, na udongo wa debe huchoka haraka, na kila asubuhi mlima ulipofunua uso, siku ambazo haukuwa na mawingu, nilikuwa najua hasa ni wapi kwenye ule ubavu wa kijani palikuwa na matuta yangu kumi na mawili.

Nyumba ilikamilika. Bati lake jekundu, madirisha ya vioo vya kusukuma, sebule yenye makochi yaliyofunikwa nailoni ili yasichakae. Mdogo wangu hulala mle siku tano kwa mwaka, Krismasi, miaka mingine siku tatu. Siku nyingine zote imefungwa, na ufunguo uko kwa mama. Mama mwenyewe aliendelea kuishi kwenye nyumba ya udongo. Alisema ile nyingine ina baridi.

Kwa miaka saba nilipanda mlima kwa misiba tu. Halafu magoti ya mama yakamkataa, nikasikia anakula ndizi kavu kavu bila mboga, au ananunua mchicha gengeni, mchicha wa Kahe, uliopandishwa mlimani na pikapu umeshanyauka. Mama yangu ananunua mchicha! Nikakata mnafu wangu wa kwanza wa masika kwenye magunia, nikafunga mafungu matatu, nikapanda. Wachuuzi wote walikuwa wanateremka na mboga, mimi peke yangu nilikuwa naipandisha.

Nilimkuta amekaa kizingitini pa nyumba ya udongo. "Shikamoo, mama." Akaitikia, akanishika mkono muda mrefu. Nikamwekea mafungu mapajani. Akayageuza, akaugusa ukamba kwa kile kidole kisichokunjika.

"Bado unafunga kama mimi," akasema.

"Kama lile isale," nikasema.

Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka saba na nilidhani nitalisema kwa kelele. Lilitoka kama naomba maji. Mama hakujifanya hajasikia, na hilo namshukuru.

"Alikuja nalo halijafungwa," akasema. "Hajui kufunga, amekaa mjini mno. Lilikuwa linamwachia. Nikamwambia lete."

"Ulijua anaomba msamaha wa nini?"

"Nilijua."

Akafungua fungu la kwanza. Ukamba hakuukata, aliuchomoa, akaunyoosha kwenye goti, akauweka kibindoni kama alivyofanya siku zote, maana ukamba mzuri hautupwi.

"Na mimi hapa nimeolewa tu, mwanangu," akasema. "Nilikuambia ni pako, na hapakuwa pangu. Yeye ndiye atakayenizika. Ungenizika wewe, ungenizika wapi? Kwenye debe?"

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli, na hakuna sheria ya kwetu ningeweza kuitaja ya kumbishia. Nilitaka kumwambia kwamba kihamba sikumdai mtu, na bustani ningeweza hata kuisahau. Mtu anaweza kukosa pa kusimama, lakini si lazima mama yake ndiye amfunge mzigo. Angemwacha mdogo wangu alifunge isale lile mwenyewe. Lingemlegea mikononi, lingeanguka, labda ningeuliza.

Sikusema hayo. Nilikaa kando yake tukachambua mnafu, mimi majani, yeye vijiti. Mbele yetu lilikuwa lile bati jekundu lililofungwa, na pande zote za kihamba, mpakani, yalikuwepo masale, yamenawiri kwa mvua. La karibu lilikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa, si mbali hata kwa magoti yake. Nilimsubiri ainuke. Angeniletea hata jani lililopasuka ningelipokea kwa mikono miwili, na safari hiyo pia nisingeuliza ni la nini.

Hakuinuka. Alimaliza kuchambua, akaniuliza kama nimekumbuka kuja na chumvi.